Ni Nyumba Gani Iliyolipia Damu ya Mfalme

Huwezi kuisimulia Kimilili bila kulitaja Kanisa la Marafiki. Shule ya Marafiki ya Kamusinga, ambayo tangu miaka ya 1950 wazazi wa Bungoma, Kitale na mbali zaidi wamekuwa wakiwatafutia wana wao nafasi, imebeba jina la dini iliyozaliwa Uingereza katikati ya karne ya 17, nchi ile ikiwa imetoka tu kumkata kichwa mfalme wake. Marafiki wa kwanza kufika huku kwetu walikuwa Wamarekani watatu, Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole, waliofungua misheni Kaimosi mwaka 1902, pale ambapo nchi ya Watiriki inapakana na ya Wanandi. Dini waliyoileta ilikuwa na mwanzilishi, George Fox, na mwanzilishi huyo aliwahi kukamatwa na mwanajeshi ambaye jina lake halisikiki sana Kimilili, ingawa lingestahili kujulikana. Mwanzoni mwa 1655, katika jimbo la Leicestershire, Fox alifikishwa mbele ya Kanali Francis Hacker. Kanali alimtaka arudi kwao, atulie nyumbani, aache kuitisha mikutano. Fox alikataa kutoa ahadi hiyo, naye Hacker akampeleka London chini ya ulinzi, kwa mtawala wa nchi wakati huo, Oliver Cromwell. Miaka mitano hivi baadaye, kanali huyohuyo ndiye aliyekuwa kizuizini, akingoja kitanzi kwa kosa la kushiriki katika kifo cha mfalme. Fox anasimulia katika shajara yake kwamba Hacker alikumbushwa habari ile siku zake za mwisho.

Namleta Hacker hapa kwa sababu kisa chake kinatupa kipimo ambacho tunakihitaji kwa ajili ya jambo lililotokea karibu nasi, ng'ambo ya Mto Nzoia, katika vilima vya Nandi. Hacker alinyongwa tarehe 19 Oktoba 1660. Koitalel arap Samoei, Orkoiyot wa Wanandi, yaani kiongozi wao wa mambo ya roho, alipigwa risasi na mwanajeshi wa Kiingereza tarehe 19 Oktoba 1905. Kulingana kwa tarehe ni sadfa tu, tena Waingereza wa zama za Hacker walihesabu siku kwa kalenda ya zamani, kwa hiyo hata sadfa yenyewe si kamili. Lakini ukiviweka visa hivyo viwili kando kwa kando, utaona kitu ambacho si sadfa. Taifa moja, lenye sheria moja, lilikutana mara mbili na swali la mwanajeshi na damu ya mtawala. Mara ya kwanza nyumba iliyolipa ni ya mwanajeshi. Mara ya pili nyumba iliyolipa ni ya yule aliyeuawa. Hoja yangu ni kwamba tofauti hiyo haielezwi na ukubwa wa kosa, wala na ushahidi, wala na hali ya vita. Inaelezwa na jambo moja: ni nani aliyebaki na mamlaka ya kuandika hukumu baada ya damu kumwagika. Mahali pa kulitazamia jambo hilo ni katika familia, kwa sababu hukumu ya mtu mmoja huisha siku anapokufa, ilhali hukumu ya nyumba huendelea kuliwa na watoto na wajukuu.

Nyumba ya Hacker ilikuwa ya watu wa daraja la kati na juu, wenye mashamba Stathern na Colston Bassett, mpakani mwa Leicestershire na Nottinghamshire. Vita vya mfalme na bunge vilipozuka mwaka 1642, viliipasua nyumba hiyo kama shoka linavyopasua gogo. Francis alishika upande wa bunge. Ndugu yake Thomas alipigana upande wa mfalme akauawa. Ndugu mwingine, Rowland, naye alikuwa wa mfalme, na vitani alipoteza mkono. Francis mwenyewe alitekwa na watu wa mfalme zaidi ya mara moja, akapata uhuru wake na kurudi kupigana. Hakuwa mwanafikra wa mapinduzi, na hakuacha maandiko ya kutetea jamhuri. Alikuwa askari mwenye dini kali na nidhamu, aina ya mtu ambaye jeshi lolote humkabidhi kazi ngumu likiamini kwamba hatauliza maswali mengi.

Kazi ngumu ilimfikia Januari 1649. Mfalme Charles wa Kwanza aliposhtakiwa mbele ya mahakama maalumu, Hacker alikuwa miongoni mwa maofisa wa kumlinda. Hati ya kifo ilipotiwa sahihi na watu 59, haikuelekezwa kwa mnyongaji. Ilielekezwa kwa maofisa watatu wasimamie utekelezaji: Hacker, Hunks na Phayre. Hunks alikataa kuandika amri ya kumkabidhi mchinjaji kazi yake, Hacker akaitia sahihi. Tarehe 30 Januari ndiye aliyemwongoza mfalme kuelekea jukwaani mbele ya kasri ya Whitehall. Kisha akabaki na hati ile mikononi mwake, na kwa miaka 11 karatasi hiyo ikakaa nyumbani kwake mashambani kama risiti ya kazi iliyokamilika.

Ufalme uliporudi mwaka 1660 na Charles wa Pili kuketi kitini, Hacker alikamatwa na kufungwa katika Mnara wa London. Bunge la Malodi likataka hati ya asili. Hacker akasema iko kwa mkewe. Ikabidi Isabella aende kuileta. Nimeisoma habari hii katika vitabu kadhaa, na kila mara hapa ndipo moyo unaposita. Mke anatoa karatasi huku, yamkini, akitumaini kwamba utii wake utampunguzia mumewe adhabu, na karatasi hiyohiyo inatumika kama orodha ya watu wa kusakwa, mumewe akiwa miongoni mwa waliotajwa ndani yake. Tarehe 15 Oktoba Hacker alisimama mbele ya mahakama ya Old Bailey kwa shtaka la kuwaza na kukusudia kifo cha mfalme, maneno ya Sheria ya Uhaini ya mwaka 1351. Hakujitetea sana. Alisema, kwa ufupi, kwamba alikuwa askari na alikuwa chini ya amri. Siku nne baadaye alinyongwa Tyburn, pamoja na Kanali Daniel Axtell. Axtell alikatwa vipandevipande jinsi hukumu ya uhaini ilivyotaka. Hacker alipunguziwa, akanyongwa tu, na mwili wake ukakabidhiwa watu wake wauzike. Mali yake ilitwaliwa na kupewa nduguye mfalme, Dyuki wa York. Rowland, yule ndugu aliyempigania mfalme, ndiye aliyelazimika kuhangaika ili shamba la ukoo huko Colston Bassett lirudi. Hata utii wa ndugu wawili, mmoja kaburini na mwingine bila mkono, haukutosha kuinusuru nyumba isiguswe.

Hivyo ndivyo Uingereza ilivyopima damu ya mtawala pale ambapo mtawala alikuwa wake. Hakuna aliyeuliza kama Charles alikuwa mfalme mwema. Hakuna aliyekubali kwamba vita vilikuwa vita. Watu 10 waliuawa Oktoba ile, na mwezi Januari uliofuata maiti ya Cromwell ikafukuliwa na kutundikwa.

Sasa tuje upande huu. Koitalel alikuwa mwana wa Kimnyole arap Turukat, Orkoiyot anayekumbukwa kwa utabiri wa nyoka wa chuma atokaye ziwa la mashariki, akitema moto na moshi, kwenda kuzima kiu yake kwenye ziwa la magharibi. Nyoka huyo alifika kweli: reli iligusa Kisumu mwezi Desemba 1901, na ilipita katika nchi ambayo Wanandi walikuwa wakiilinda tangu 1895. Kwa miaka kumi serikali ilituma msafara baada ya msafara. Wanandi walikata nyaya za simu wakazifanya mapambo, waling'oa vyuma vya reli wakavifua silaha, na maofisa waliokaa Nairobi wakafikia uamuzi kwamba upinzani wote una mzizi mmoja, nao ni Orkoiyot. Mzizi ule uking'olewa, walisema, mti utakauka. Nasisitiza fikra hiyo kwa sababu itarudi tutakapofika kwenye pingamizi.

Aliyejitwika kazi hiyo alikuwa Kapteni Richard Meinertzhagen wa kikosi cha King's African Rifles, jeshi ambalo Waswahili walilifupisha wakaliita Keya. Aliomba kukutana na Koitalel kuzungumzia amani, na mkutano ukapangwa kwenye kilima cha Ket Parak. Kapteni alikwenda na askari wachache huku kundi kubwa likijificha karibu na bunduki tayari. Kwa maneno yake mwenyewe, yaliyochapishwa miaka mingi baadaye, Koitalel ndiye aliyekuja na hila: alikuja na watu wengi kuliko walivyokubaliana, na aliponyoosha mkono alikusudia kumvuta amshambulie. Kwa simulizi ya Wanandi, Koitalel alinyoosha mkono wa salamu akapigwa risasi akiwa ameunyoosha. Pamoja naye walianguka wenzake zaidi ya ishirini. Upande wa Kapteni hakuna aliyekufa.

Simulizi zote mbili zina pengo, na msomaji makini atauliza tumwamini nani. Mimi naona jibu halihitaji kumtegemea Meinertzhagen hata kidogo, na ni bora hivyo, maana mtu huyu alikuja kujulikana kuwa mwongo wa kiwango cha ajabu. Mkusanyiko wake mkubwa wa ndege, alioutoa kwa jumba la makumbusho la Uingereza, uligunduliwa katika miaka ya 1990 kuwa umejaa vielelezo vilivyoibwa na lebo zilizoghushiwa. Shajara zake nazo zimetiliwa shaka nzito. Tuache basi maneno yake, tutazame matokeo. Watu walioitwa kwenye mazungumzo walikufa, yule aliyewaita akarudi kambini salama, na askari waliofichwa walikuwa wamefichwa kabla mkono wowote haujanyooshwa. Hata wenzake wa serikalini walinong'ona kuhusu usaliti. Mabaraza matatu ya uchunguzi wa kijeshi yaliketi. Yote yalimsafisha. Adhabu pekee iliyomfika ni kuondolewa Afrika Mashariki mwaka 1906, yaani kuhamishwa kazi.

Na nyumba yake? Baba yake, Daniel, alikuwa mwenye benki mjini London. Mama yake, Georgina, alikuwa mmoja wa mabinti tisa wa Richard Potter, tajiri aliyewahi kuwa mwenyekiti wa kampuni kubwa ya reli ya magharibi ya Uingereza. Kwa hiyo mjukuu wa mkuu wa reli ndiye aliyetumwa kumwondoa mtu aliyeizuia reli. Mama yake mdogo alikuwa Beatrice Webb, mmoja wa wanafikra wakubwa wa siasa za ujamaa nchini mwao. Nyumba hiyo haikupoteza hata ekari moja kwa ajili ya Ket Parak. Kapteni akawa Kanali, akapata nishani, akaketi katika mkutano wa amani wa Paris mwaka 1919, akachapisha shajara yake ya Kenya mwaka 1957, akafa mzee wa miaka 89 mwaka 1967. Hadi leo nguruwe mkubwa wa msituni anaitwa kwa jina lake katika vitabu vya sayansi, Hylochoerus meinertzhageni, kwa sababu kielelezo cha kwanza kilitoka kwake, katika msitu wa Nandi karibu na Kaimosi. Mnyama wa msitu wa Wanandi amepewa jina la mtu aliyemuua mkuu wa Wanandi, na jina hilo lilitolewa mwaka 1904, mwaka mmoja tu kabla ya mauaji. Hakuna aliyeona sababu ya kulibadilisha.

Nyumba ya Koitalel ndiyo iliyohukumiwa. Baada ya 1905 Wanandi walisukumwa ndani ya mipaka ya hifadhi, mifugo yao ikachukuliwa kwa maelfu, ardhi iliyobaki wazi ikagawiwa walowezi, na leo sehemu yake ni mashamba ya chai. Hiyo ilikuwa adhabu ya taifa zima. Lakini ukoo wa Talai, ukoo wa Koitalel, uliwekewa adhabu yake peke yake. Mwanawe Barsirian arap Manyei alishika nafasi ya Orkoiyot mwaka 1919. Oktoba 1923, Wanandi walipokuwa wakijiandaa kwa sherehe kubwa ya kukabidhiana madaraka ya rika, serikali iliihofia kuwa ni maandalizi ya vita, ikaipiga marufuku na kumkamata Barsirian. Alipelekwa Meru, na hakuwa mtu huru tena hadi 1964. Soma tena miaka hiyo. Alikamatwa ufalme wa Kiingereza ukiwa chini ya George wa Tano, akaachiliwa Kenya ikiwa imeshapata uhuru. Miaka 40 na zaidi ya kizuizini na uhamisho, bila kosa ambalo Hacker angelitambua kuwa kosa. Alifariki mwaka 1974, na wanahistoria wengi humtaja kuwa mfungwa wa kisiasa aliyekaa kizuizini muda mrefu kuliko wote nchini Kenya.

Wala haikuishia kwa Barsirian. Kipchomber arap Koilege, nduguye Koitalel, alikuwa amehamia kwa Wakipsigis baada ya kushindana naye kuhusu urithi wa baba yao, na kizazi chake kikaota mizizi Kericho. Mwaka 1934 serikali ilitunga sheria mahsusi ya kuwaondoa hao iliowaita laiboni, na katika miaka iliyofuata watu wapatao 700 wa Talai, wazee, wanawake na watoto, walihamishwa hadi Gwassi, kando ya Ziwa Viktoria, nchi ya mbung'o na malaria. Wengi walikufa huko. Waliobaki waliruhusiwa kurudi mwaka 1962, na walipofika walikuta ardhi yao ina wenyewe wapya.

Pingamizi la kwanza dhidi ya hoja yangu ni la kisheria, na ndilo wanalolitoa watu wenye hekima. Wanasema: Koitalel hakuwa mfalme. Orkoiyot alikuwa kiongozi wa mambo ya roho, mtabiri na mwenye baraka za vita. Wanandi walijitawala kwa mabaraza ya wazee wa kila eneo. Kumwita aliyemuua kuwa muuaji wa mfalme ni kuvalisha kichwa kisicho chake taji. Nakubali sehemu ya kwanza ya maneno haya. Orkoiyot hakuwa na kiti cha enzi wala kodi wala jeshi la kudumu. Lakini angalia ni nani anayelitoa pingamizi hilo kwa faida yake. Hapa Kimilili tunajua vizuri jinsi Waingereza walivyolichezea neno hilo. Wabukusu hawakuwa na mfalme. Walikuwa na wazee wa koo. Baada ya vita vya Lumboka na Chetambe mwaka 1895, pale ofisa wa serikali C. W. Hobley alipowavamia kwa bunduki akiwa na askari Wanubi na washirika kutoka kwa Mumia, mtawala wa Wanga, serikali iliona kwamba watu wasio na mfalme ni vigumu kutawaliwa, ikawaletea. Mumia akafanywa chifu mkuu wa eneo zima mwaka 1909, na nduguye Murunga akakaa hapa Kimilili kama chifu juu ya watu wasiomchagua, kwa miaka mingi, mpaka malalamiko ya Wabukusu yalipozidi. Kwa hiyo palipofaa kuwa na mfalme, alitengenezwa. Palipofaa asiwepo, alikanwa. Mumia alikuwa mfalme kwa sababu alisaidia. Koitalel alikuwa mchawi kwa sababu alikataa.

Tena kuna ushahidi ulio wazi zaidi ya huo, nao umo katika sheria ya 1934 yenyewe. Mganga wa kawaida akishukiwa, hukamatwa yeye. Mtabiri akichochea watu, hufungwa yeye. Elijah Masinde, mzaliwa wa hapa Kimilili na kiongozi wa Dini ya Msambwa, alipelekwa Lamu mwaka 1948 na hakurudi hadi 1961, lakini hakuna sheria iliyotungwa ya kuufuta ukoo wake wote juu ya uso wa Bungoma. Kwa Talai walihamisha damu: kitoto kilichozaliwa jana kilikuwa na hatia kwa sababu ya babu yake. Hivyo ndivyo nyumba za kifalme zinavyotendewa na wanaozipindua. Mtu huwezi kuuadhibu ukoo kwa urithi wake, halafu ugeuke useme urithi wenyewe haukuwa wa utawala. Ile fikra ya maofisa wa 1905 kwamba ukimwondoa mtu mmoja taifa zima litaanguka ilikuwa, kwa matendo kama si kwa maneno, ukiri wao kwamba huyo alikuwa mkuu wa nchi.

Pingamizi la pili linasema kwamba Meinertzhagen alikuwa mwanajeshi vitani, chini ya amri, na vita havina mahakama ya adabu. Hapa Hacker na Axtell ndio wanaojibu. Wote wawili walikuwa wanajeshi. Axtell hasa alijitetea kwa nguvu kwamba alitii wakubwa wake, na kwamba kama angekataa angeuawa kwa kukaidi. Majaji wa 1660 waliukataa utetezi huo wakisema kwamba amri ya uhaini haimkingi anayeitekeleza, na uamuzi huo ukabaki katika vitabu vya sheria ya Kiingereza ukitajwa hadi karne yetu. Kwa maneno mengine, miaka 245 kabla ya Ket Parak, mahakama za London zilikuwa zimeshaamua kwamba askari hawezi kujificha nyuma ya amri pale damu ya mtawala inapohusika. Meinertzhagen hakuhitaji hata kujificha. Hakuna mtu aliyedai kwamba aliamriwa kuvunja mkutano wa amani. Yale mabaraza yaliyomsafisha yalikuwa ya maofisa wenzake, na hakuna Mnandi aliyeketi humo kama mwamuzi.

Pingamizi la tatu ndilo ninaloliheshimu zaidi, kwa sababu linatoka kwa upande wetu. Wanandi wenyewe walimuua Orkoiyot wao. Mwaka 1890, baada ya maafa mengi, na baada ya vijana wengi kuangamia katika uvamizi alioubariki, Kimnyole alihukumiwa na watu wake akapigwa marungu mpaka kufa. Kama watu waliweza kumuua baba, kwa nini tulie kwa ajili ya mwana? Lakini fuata habari hadi mwisho wake. Wanandi hawakuufuta ukoo wa Kimnyole. Shida zilipozidi, wengi waliziona kuwa laana ya kumwaga damu ile, wakairudia nyumba hiyohiyo kutafuta kiongozi, na hivyo Koitalel akapata nafasi ya baba yake. Waliomuua walijua kwamba wamefanya jambo zito, na walilipa kwa njia waliyoijua, kwa kuirudishia nyumba heshima yake. Kisa cha Kimnyole hakiidhoofishi hoja. Kinaonyesha kwamba hata hapa, bila sheria ya 1351, watu walitambua kwamba damu ya mtawala ina mwenyewe na kwamba mzigo wake humwangukia aliyeimwaga.

Sheria ya 1351 nayo haikubaki ng'ambo. Ilivuka bahari, na ukifungua Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 40, utakuta maneno yake yamevaa nguo mpya: anayewaza, anayebuni au anayekusudia kifo cha Rais ana hatia ya uhaini, na adhabu yake ni kifo. Kwa kifungu hicho cha uhaini watu waliojaribu kuipindua serikali tarehe 1 Agosti 1982 walipelekwa mbele ya mahakama ya kijeshi, na Hezekiah Ochuka, askari wa cheo cha chini wa jeshi la anga, akanyongwa Kamiti mwaka 1987. Siandiki haya kuwatetea wala kuwalaumu. Naandika kuonyesha kwamba sheria iliyompata Hacker haikuwa ngeni katika nchi hii. Ilikuwa hapa zama za ukoloni, imelala ndani ya vitabu, ikimlinda mfalme aliyeishi London. Hakuna siku ilipoamshwa kwa ajili ya mtu wa Ket Parak.

Mwaka 2006 mtoto wa Meinertzhagen aliwarudishia Wanandi fimbo tatu za Koitalel ambazo baba yake alizichukua siku ile, na sasa zimehifadhiwa kwenye jumba la kumbukumbu Nandi Hills. Agosti 2022 Wakipsigis na Watalai walipeleka madai yao dhidi ya Uingereza katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Mwaka uliofuata mfalme mwingine aitwaye Charles, wa tatu wa jina hilo, alifika Nairobi akasema anasikitika na kujuta kwa maovu ya zama za ukoloni. Msamaha rasmi hakuuomba. Watu wa Francis Hacker walikabidhiwa mwili wake wote, kichwa kikiwa mahali pake, wakamzika kanisani mjini London. Wanandi wanasema kichwa cha Koitalel kilikatwa kikapelekwa Uingereza, na bado wanakidai.